Drahomíra Aingia Nyumbani kwa Ludmila

Mama yetu alizaa mabinti wawili, na jina zuri nyumbani lilikuwa moja tu.

Lilimwendea dada yangu kwa kuwa alitangulia kuja. Mama aliitwa Ludmila, bibi aliitwa Ludmila, na mama yake bibi, aliyefia shambani akiokota viazi, naye alikuwa Ludmila. Kila kifungua mimba wa kike katika ukoo wetu alilikuta jina hilo likimngoja, kama kitanda kilichokwisha kutandikwa. Mimi nilipozaliwa miaka mitatu baadaye, baba alirudi kutoka chimboni na vumbi la chokaa kwenye nyusi, akafunua kalenda ya ukutani, akaweka kidole mahali, akasema, "Květa. Haya, chakula kiko wapi?"

Nilipofika miaka sita nilimwuliza mama maana ya jina la dada. Alikuwa akikanda unga.

"Limeshonwa kwa maneno mawili ya kale," alisema. "Watu, na kupendwa. Ludmila ni yule anayependwa na watu."

"Na mimi?"

"Wewe ni ua. Si vizuri?"

"Ua linapendwa na nani?"

"Na nyuki," alijibu dada kutoka chini ya meza, alikokuwa amejificha akila donge la unga mbichi.

Ndipo mama alipoelekeza mkono wake mweupe dirishani, ng'ambo ya mto, kwenye mwamba wa Tetín, akatusimulia. Hakuna mtoto wa kwetu asiyekijua kisa hicho, lakini sisi tulikisikia kama habari ya ukoo. Miaka elfu moja na zaidi iliyopita, juu ya mwamba ule palikuwa na boma. Ludmila alikuwa mke wa mtawala Bořivoj, na wawili hao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa nchi yetu kubatizwa. Uzeeni, akiwa mjane, alikabidhiwa mjukuu wake Václav amlee. Mama wa mtoto, Drahomíra, akaona mwanawe na watu wote wanamgeukia bibi. Wivu ukamla. Akatuma wanaume wawili kule bomani, Tunna na Gommon. Ludmila aliwaomba wamuue kwa upanga, damu yake imwagike. Hata hilo hawakumpa. Walimnyonga kwa mtandio wake mwenyewe. Ndiyo maana tarehe kumi na sita Septemba kwenye kalenda ni siku yake, na siku ya kila anayeitwa Ludmila.

Dada alitoka chini ya meza akashika shingo yake kwa fahari, kama mtu anayepapasa mkufu. Nami nikashika yangu. Haikuwa na kitu.

Nimeanza na shingo zetu kwa sababu nataka kusema ukweli juu ya dada yangu, na siwezi kuusema bila kukiri kwamba nilimwonea wivu tangu siku ile.

Alikua akawa mpeleka barua wa vijiji vitatu. Tulimwita Lída, na watu walimwita Bi Lída, hata waliomzidi umri. Alivaa koti la buluu la posta, akasukuma baiskeli milima asiyoweza kuipanda, na kila nyumba aliingia kwa mlango wa jikoni. Aliwasomea barua wazee wasioona. Aliyepewa habari ya msiba hakumwacha mlangoni. Aliketi naye mpaka chai ipoe. Mtu akimshukuru, alijibu, "Jina langu lanidai." Alilichukulia jina lile kama kazi ya pili, na aliifanya vizuri kuliko ile ya kwanza.

Kwetu siku ya jina haina mwaliko. Kalenda ndiyo inayoalika. Kila tarehe kumi na sita Septemba jiko la dada lilijaa tangu asubuhi: maandazi bapa ya plamu na ya mbegu za mpopi, vipande vya mkate vyenye saladi ya viazi na yai juu yake, pombe ya plamu kwenye vikombe vidogo. Bwana Hůlka muuza nyama alikuja na bata bukini aliyekwisha kunyonyolewa. Wazee walikuja na maua ya bustani zao wenyewe, wakayaweka kwenye ndoo kwa sababu vyombo vya maua vilikwisha. Mimi niliosha vikombe. Siku yangu ilipofika, nilipata keki moja, kutoka kwa dada.

Mumewe Oldřich alikufa mapema kwa kifua, kama wanaume wengi wa chimboni, akamwachia mtoto mmoja, Radim. Radim akawa fundi wa reli mjini Beroun. Na mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne, majira ya kuchipua, akaja Jumapili na msichana mrefu, mwenye mikono misafi, aliyebeba keki kwenye sanduku.

"Mama, mama mdogo, huyu ni Dráža," alisema Radim. "Muuguzi. Anatoka Moravia."

"Karibu, mwanangu," dada alisema, akamkumbatia vizuri kabisa. "Dráža ni kifupi cha nini?"

Msichana akawa mwekundu. "Cha Drahomíra."

Aliyecheka kwanza ni mimi. Nilijaribu kukigeuza kicheko kikohozi, lakini kilikuwa kimekwisha kutoka.

"Ni jina tu, mama," Radim alisema.

"Hakuna jina tu," alijibu dada, akaanza kukata keki vipande vidogo sana.

Kijiji kilisherehekea kuliko maharusi. Asubuhi baada ya ndoa, Bwana Hůlka alipaza sauti dukani mbele ya foleni nzima, "Bi Lída! Mitandio yako umeifungia kabatini?"

"Nimeichoma yote."

"Basi lala umevaa kola ya chuma!"

Watu wakacheka, naye akacheka. Alijua kuchekwa kwa upendo kukoje. Kilichomuuma kilikuja baadaye, polepole.

Maharusi walikaa chumba cha juu cha nyumba ya dada. Dráža akapata kazi kwenye zahanati ya kijiji, na haukupita mwaka kabla watu hawajamtia moyoni. Alidunga sindano usihisi. Aliwaogesha wagonjwa wasioinuka, akiwaimbia. Bibi Štěpánka, aliyekuwa hajamruhusu daktari kumgusa mguu tangu vita, alimruhusu Dráža. Sasa dada alipoingia kwa mlango wa jikoni na barua, aliulizwa jambo moja.

"Dráža hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie asante. Na mpelekee jamu hii. Tena ngoja, na mayai."

Dada alianza asubuhi na mfuko wa barua, akarudi mchana na mfuko wa shukrani, zote za mtu mwingine. Nilimwona mara nyingi akipita kwenye ua wangu na chupa za jamu zikigongana begani. Hakuzivunja. Aliziweka mezani kwa mkaza mwana mojamoja na kutaja aliyezitoa, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu.

Tarehe kumi na nane Julai ni siku ya akina Drahomíra. Mwaka wa pili wa ndoa yao nilimkuta dada ameketi kwenye ngazi za kanisa, baiskeli imelala chini, amepanga kadi magotini kama mtu anayecheza karata peke yake.

"Ishirini na tatu," alisema. "Zote zake. Hii imetoka kwa Štěpánka. Štěpánka hajui kuandika, Květa! Mimi ndiye ninayemwandikia. Safari hii kamtafuta mtu mwingine amwandikie, ili nisijue."

"Labda hakutaka kukuumiza."

"Basi hilo ndilo lililoniumiza."

Akazikusanya, akazifunga kwa uzi, akazipeleka nyumbani kwake mwenyewe, akagonga mlango wake mwenyewe na kusema, "Posta." Wakati huo bado hakuna barua aliyokuwa ameizuia.

Kisha ikaja Septemba. Watu walikuja kama kawaida, labda wachache kuliko mwaka jana, labda dada alihesabu vibaya. Dráža alishuka na kifurushi kilichofungwa kwa utepe. Alikuwa amesafiri mpaka Praha kukitafuta. Dada alikifungua mbele ya wageni wote, karatasi ikachakarisha, na mkononi mwake ukaning'inia mtandio wa hariri, buluu.

Mwanamke mmoja akajishika mdomo. Radim akafumba macho. Mgeni yeyote angeona zawadi nzuri tu; sisi tuliona Drahomíra amempa Ludmila mtandio, siku ya mtakatifu Ludmila, mbele ya dirisha linalotazama Tetín.

"Lo, kaja nao mwenyewe!" Bwana Hůlka alipaza sauti. "Dráža mwanangu, wale wanaume wawili umewaacha nje?"

Jiko likalipuka kwa vicheko. Dada aliukunja mtandio mara nne, akaurudisha kwenye karatasi.

"Rangi nzuri," alisema. "Rangi ya mbingu. Nitazikiwa nao."

Nilimkuta Dráža kwenye chumba cha akiba, kati ya viazi na chupa za matango. Alikuwa akilia huku akijipiga kofi kwenye paji la uso.

"Mama mdogo, nilikuwa natafuta rangi ya koti lake la posta! Rangi tu! Miezi miwili natafuta rangi. Sikuwaza shingo."

"Najua."

"Mimi, kati ya watu wote! Unajua darasa la tatu, mwalimu wa historia alipofika kwenye mauaji yale, vichwa thelathini viligeuka kunitazama. Mvulana wa dawati la mbele alivua skafu yake akaikalia." Akacheka kidogo, kisha akalia tena. "Tangu hapo nimekuwa mwema kwa watu mpaka nimechoka. Na hakuna aliyewahi kuniuliza jina langu lina maana gani."

Nikamwuliza.

"Thamani, na amani," alisema. "Amani iliyo ghali. Wakati wa vita mama aliapa kwamba amani ikija, binti yake ataitwa hivyo. Nilizaliwa miaka sita baadaye. Lakini kiapo ni kiapo."

Nilimpa aproni yangu ajipanguse. Maneno yale yangemlainisha dada, nilijua hivyo, na sikumwambia. Nilitaka angalau mara moja niwe na kitu kuhusu majina ambacho yeye hana.

Mwezi wa Oktoba ikajulikana kwamba Dráža ana mimba. Dada akabadilika. Alimpelekea maziwa kitandani, alimkataza kubeba maji. Lakini macho yake hayakuwa usoni pa mkaza mwana, yalikuwa tumboni. Dada mwenyewe hakuzaa binti. Jina lilikuwa limekwama kwake, na hii ilikuwa njia ya mwisho ya kulivusha.

"Mwombe," nilimwambia.

"Nimwombe Drahomíra anipe Ludmila? Akikataa je?"

"Atakuwa amekataa."

"Wewe huelewi. Wewe hujawahi kuwa na kitu cha kurithisha."

Alisema kweli, nami nikaendelea kumenya viazi.

Kila wiki ilikuja barua kutoka Moravia, kutoka kwa mama yake Dráža, Bi Vlasta, mwandiko mkubwa wa kulalia mbele kama watu wanaotembea dhidi ya upepo. Dada aliichukia kabla ya kuitoa mfukoni. Yule mama mwingine alikuwa na kile ambacho yeye hakuwa nacho: binti anayemwandikia. Na bila shaka, aliwaza, yule ndiye atakayempa mtoto jina. Atakuwa Vlasta mdogo, katika nyumba ya akina Ludmila.

Mwanzoni mwa Januari, saa nne asubuhi, alipita kwenye tundu la uzio wetu akaingia jikoni kwangu bila kupangusa viatu. Akaweka barua mezani. Bahasha ilikuwa imejikunja kwa mvuke, harufu ya madonge ya unga yaliyochemka bado iko juu yake.

"Dada, umeifungua?"

"Soma."

"Barua ya watu!"

"Soma, Květa."

Nikasoma. Bi Vlasta aliandika: *Mwanangu Dráža, unaniuliza kama mtoto akiwa wa kike umwite Ludmila, umfurahishe mama mkwe wako. Usithubutu. Huyo mama hata mtandio wako hakuuvaa. Utaishi maisha yako yote katikati ya Ludmila mkubwa na Ludmila mdogo, nawe Drahomíra, na kila mlevi wa kijiji atakuwa na mzaha wa bure. Mpe mtoto jina lisilo na maiti ndani yake. Nijibu upesi.*

Niliisoma mara mbili. Dada alikuwa amesimama, mkono kwenye ukingo wa meko, uso wake una nuru na hofu pamoja.

"Alitaka," alisema. "Umeona? Yeye mwenyewe alitaka. Sikumwomba."

"Na akiipata hii, hatataka tena."

"Asipoipata?"

Maji yalichemka yakafurika, nikayaacha.

"Ipeleke," nilisema. "Ndiyo kazi yako."

Alinitazama usoni. Ana macho ya mama, ya kijivu, na hayadanganyiki.

"Unataka life," alisema.

"Nataka barua ifike."

"Unataka jina life, Květa. Tangu tulipokuwa watoto."

Nilikuwa nimesema neno la haki, na sababu yake ilikuwa chafu. Alichukua barua akaondoka, na kwenye theluji ya ua nyayo zake zilikwenda nyumbani kwake moja kwa moja. Barua akaiweka jikoni, nyuma ya bati la mkate.

Jumapili ya pili iliyofuata tulikusanyika sebuleni kwake kuchambua manyoya ya kujaza blanketi nene la mtoto. Ni kazi ya wanawake ya msimu wa baridi: unachukua unyoya wa bata bukini, unaichana sehemu yake laini kutoka kwenye uti, unatupa uti chini, ile laini unaiweka kwenye lundo. Lundo lilikuwa limefika kidevuni mwetu. Tulikuwa watano: dada, mimi, Dráža na tumbo lake, Bi Hůlková mke wa Bwana Hůlka, na Bibi Štěpánka aliyeletwa kwa kigari. Masharti ya kazi hii hata mtoto anayajua. Usipige chafya. Usicheke kwa nguvu. Na hata nyumba ikiwaka moto, usifungue mlango ghafla.

"Usinichekeshe," Bi Hůlková alikuwa akimwambia Štěpánka. "Nitapuliza kazi ya siku nzima."

"Sijasema kitu."

"Umefanya uso."

"Ndio uso wangu, huu! Miaka themanini ninao!"

Tukacheka kwa pua, midomo imefungwa. Kisha Štěpánka akamgeukia Dráža.

"Na jina, binti yangu? Akiwa wa kike?"

Vidole vyote viliendelea kuchana, isipokuwa vya dada.

"Tuna moja mawazoni," alisema Dráža. "Lakini nilimwandikia mama nimsikie kwanza. Ni wiki mbili sasa hajajibu. Si kawaida yake. Ninaogopa labda anaumwa." Akauliza kwa upole tu, bila hila yoyote, "Mama, hakuna kitu posta?"

Nilimwona dada akifungua kinywa kusema hapana. Lilikuwa neno moja tu. Lakini katika miaka ishirini na sita ya kazi, watu waliokuwa wakingoja barua walimwuliza swali hilo kwenye kila kizingiti, na hajawahi kuwadanganya. Uso wake uliwaka. Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake, na kabla hatujamshika sketi, akauvuta mlango, akatoka mbio.

Upepo wa ukumbini ukaingia, na lundo likainuka.

Liliinuka lote kwa pamoja, kama pumzi, likajaa chumba mpaka darini. Bi Hůlková alipiga ukelele, akameza unyoya. "Mlango! Nani kaufungua mlango!" "Kamata! Kamata!" "Unakamataje, mwanamke, kwa wavu?" Štěpánka alikaa kwenye kigari chake, mweupe kama mti wa Januari, akipiga chafya mfululizo, na kila chafya ikayainua upya.

Dada alirudi katikati ya theluji ile. Manyoya yalimganda kwenye machozi. Akaweka barua kwenye magoti ya Dráža.

Dráža aliigeuza. "Imefunguliwa."

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Siku kumi na moja."

Chumba kikatulia. Manyoya yalishuka taratibu juu ya mabega yetu wakati Dráža akisoma. Alisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa aproni.

"Unaweza kunishtaki," dada alisema. "Nitafukuzwa kazi. Ni haki yako."

"Haki?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Dráža akipaza sauti. "Nikikushtaki, mama, kesho watasema nini kwenye foleni ya nyama? Watasema Drahomíra amemnyonga Ludmila tena! Hata hasira yangu jina limeninyang'anya. Wewe unaweza kuiba barua ukabaki kipenzi cha watu. Mimi nimetoa mtandio nimekuwa muuaji!"

Bi Hůlková alitazama chini.

"Jina lake lina maana ya amani iliyo ghali," nilisema. Lilinitoka tu. "Mama yake aliapa wakati wa vita. Alinieleza Septemba. Nilikuficha, dada."

Dada alinitazama, kisha akamtazama mkaza mwana wake, na nadhani ndiyo siku ya kwanza aliyouona uso ulio juu ya lile tumbo.

"Msiniulize kuhusu jina," Dráža alisema. "Mpaka mtoto afike, mtu asiniulize." Akainama, akaanza kukusanya manyoya sakafuni kwa mikono miwili, nasi sote, isipokuwa Štěpánka, tukapiga magoti pamoja naye.

Tulitii. Dada alipeleka barua za Moravia siku ileile zilipofika, akaziweka mezani na kuondoka chumbani. Miezi minne hakutaja jina lolote, hata la mbwa. Alikonda.

Mtoto alizaliwa Mei. Siku hizo wageni hawakuruhusiwa wodini. Ndugu walisimama uani, na akina mama wakawaonyesha watoto madirishani. Tulisimama mimi na dada na Radim kati ya wanaume wenye maua, shingo zimekakamaa. Kwenye ghorofa ya pili Dráža alitokea na kifurushi cheupe. Radim akapiga mluzi. Alitaka kutamka jina, akajizuia: alikuwa ameapishwa anyamaze.

Dráža akafungua kidirisha kidogo cha juu, akapanda kwenye kitu, akatoa uso nje.

"Ludmila!" alipaza sauti. Muuguzi akamvuta ndani na kufunga.

"Nimesikia," alisema dada, kama mtu anayetia sahihi telegramu. Kisha akaketi kwenye ukingo wa bustani ya watu, juu ya maua yao.

Mtoto alipoletwa nyumbani, dada alimwuliza Dráža kwa nini. Nilikuwa nikitundika nepi.

"Barua ilikuwa hatua moja kutoka kwenye meko yanayowaka," alijibu Dráža. "Ukapita meko ukaja kwangu. Nilimwandikia mama hivyo. Bado amenuna, lakini atakuja."

Kwa hiyo dada yangu alipata alichokitaka kuliko vyote. Siku ya kumi na sita Septemba mwaka ule alipika tangu alfajiri, akavaa gauni jipya, akasimama katikati ya jiko. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wa kwanza.

"Yuko wapi Lída wetu?"

"Niko hapa," dada alisema, akanyoosha mikono.

Wakampita. Wakamshika bega, ni kweli, wakamwambia "hongera, bibi," lakini maua waliyapeleka kwenye kitanda cha mtoto. Bwana Hůlka aliinama na masharubu yake yote, akawa anatoa sauti za njiwa. Štěpánka alimfumia soksi. Ndoo ya maua ilihamishwa kutoka mezani ikawekwa karibu na mtoto, ili ayaone. Bi Vlasta, aliyekuja kutoka Moravia kwa treni mbili, alimbeba mtoto kutoka kwa mgeni hadi kwa mgeni, akisema, "Mwangalieni Lidunka, mwangalieni Ludmila wangu," na hakuna mlevi aliyekumbuka mzaha wowote.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la pembeni, karibu na beseni la vikombe, mahali pangu pa kila mwaka. Baada ya muda dada akaja kusimama karibu yangu. Alikuwa na sahani ya maandazi mkononi, ambayo hakuna aliyeigusa. Alimtazama mtoto, na ile midomo yake ikabana namna ninayoijua vizuri, kwa kuwa niliibana yangu hivyohivyo miaka arobaini.

"Ana miezi minne," alininong'oneza. "Hajapeleka hata barua moja."

"Keti, dada," nilimwambia, nikasogea kando kumpa nafasi.